Masanduku ya Baba

Upana wa nyumba za mawe za Mji Mkongwe uliamuliwa na mikoko. Boriti haivuki zaidi ya mita tatu hivi bila kupinda, kwa hiyo fundi aliyejenga nyumba tuliyokulia Malindi alipewa upana wake kabla hajachora kitu. Alichoachiwa ni urefu, naye hakuufanyia ubahili. Ukumbi wetu wa juu ulikuwa mwembamba na mrefu, dari iko mbali, kuta nene za mawe na chokaa, na madirisha matatu yanayotazama kichochoroni. Mwisho mmoja wa ukumbi ule, huku na huku ya kabati la vyombo, ndipo zilipokaa spika za baba.

Alizileta kutoka Dubai katikati ya miaka ya 1980, biashara ilipofunguliwa Unguja na kila mwenye pasi na vijisenti akawa na safari ya Ghuba. Zilikuwa za Kijapani, zinasimama chini kwa miguu yao, na mtu mzima zilimfika kiunoni. Kila moja ilikuwa na spika ya besi ya inchi 12, ya kati moja, na twita juu. Masanduku yenyewe yalikuwa ya mbao ya unga iliyogandishwa karatasi yenye mistari ya mti, lakini hayo tuliyajua baadaye, karatasi ilipoanza kubanduka pembeni. Wakati ule kwetu ulikuwa msaji mtupu. Watu wawili ndio waliobeba moja. Hazikukaa wiki bila nguo: mama alizishonea vitambaa vyeupe vya kuweka juu, akapanga vasi za maua ya plastiki, na akapiga marufuku gilasi ya maji kuwekwa karibu.

Baba alikuwa mtu wa Umm Kulthum. Ujana wake ulipita barazani kwenye kahawa, akisubiri na wenzake ile Alhamisi ya kwanza ya mwezi ambayo Redio Kairo ilirusha tamasha lake, wimbo mmoja ukila saa nzima na watu wasiinuke. Bibi yule alifariki mwaka 1975, lakini kwetu aliendelea kuimba kila Alhamisi usiku, kwa kanda. Baba alifungua madirisha yote matatu. Hilo ndilo ninalolikumbuka zaidi kuliko muziki wenyewe: kwanza madirisha, halafu kanda. Chini, kwenye baraza la jirani, wazee walikuwa wameshakaa. Fidla zikianza, kichochoro kizima kilijaa, na mtu akitaka zaidi alipiga ukelele kutoka chini, "Ongeza, bwana!" Baba aliongeza.

Sikumbuki hata siku moja kumwona amekaa mbele ya spika zake. Alisimama dirishani, mgongo umezielekea, akitazama chini waliokuwa wakisikiliza. Mitaa ya Malindi wakati ule ilijua nyumba ipi ina nini, na spika za ukubwa ule zilikuwa na kazi kama ya mlango wa nakshi: mpita njia ajue aliyemo ndani ni nani. Sisemi kwa kumtia dosari. Muziki ule ulikuwa wa watu wengi tangu ulikotoka, na ukumbi ulikuwa na urefu wa kuubeba. Mimi mwenyewe niliujua utamu wake kutoka mwisho wa pili, karibu na mlango wa jikoni, mama alipokaa akichambua mchele. Pale besi ilifika ikiwa imetulia, kama vile kuta zimeshaipunguza makali.

Baba alipofariki, nyumba iliingia kwenye mirathi, na mirathi ya nyumba moja yenye warithi wengi mwisho wake ni kuuza. Mwaka 2009 tukahamia Michenzani, kwenye fleti ya kaka yangu. Majumba yale marefu, yaliyoanza kujengwa zama za Mzee Karume kwa mpango wa wataalamu wa Ujerumani Mashariki, yana sifa zake na wanaoishi humo wanazijua: upepo mzuri ghorofa za juu, maji ya kuvizia, na akina mama wanaoteremsha kapu kwa kamba kumnunulia muuza mboga bila ya kushuka ngazi. Spika za baba tulizipandisha ngazi zile kwa zamu, wachukuzi wakituuliza kila kituo kama ndani muna saruji.

Ukumbi wa fleti ulikuwa mita tatu na nusu kwa kitu kidogo zaidi ya hapo. Yaani karibu mraba. Na kuta ni zege. Hapo ndipo tulipojua kwamba spika haipigi peke yake. Chumba nacho kinapiga. Sauti inakwenda mita 340 hivi kwa sekunde, na wimbi lenye urefu mara mbili ya chumba hukwama humo, likienda ukutani na kurudi likijikuta lenyewe. Kwa chumba cha mita tatu na nusu, huo ni mtetemo wa karibu mara 50 kwa sekunde, ambao ndio hasa uwanja wa nyuzi nene za fidla kubwa, ile besi inayosimamishwa chini kwenye bendi za taarab. Urefu ulitoa noti ile, upana ukaitoa ile ile au ya jirani yake. Kwa hiyo mpiga besi alipogusa noti fulani chumba kizima kilinguruma, noti ya pili yake ikafifia, ya tatu ikanguruma tena. Na spika zenye besi za inchi 12, zimebanwa kwenye pembe kwa sababu hapakuwa na pengine pa kuziweka, ndizo zilizoikoleza balaa ile, maana pembe huzidisha besi.

Kaka aliipenda. Yeye ni mtu wa rusha roho, ile taarab ya kisasa, wa East African Melody, wa kinanda cha umeme na besi inayomsukuma mtu kifuani kabla haijamfika masikioni. Mama alikaa kwenye mkeka wake mita mbili kutoka kwenye lile dubwana la kushoto na kusema kila siku neno moja: "Sisikii anachosema." Na Bi Zuwena wa chini, Mungu amhifadhi, alikuwa hasemi, alichukua mchi wa kinu akagonga dari yake, ambayo ndiyo sakafu yetu, mara tatu kwa mpigo, mpaka kaka akapunguza.

Nayo maradhi yalikuwa njiani. Spika nyingi za miaka ile, ile karatasi yake inayosukuma hewa ilishikwa ukingoni kwa duara la sponji, na sponji hiyo, kwa joto na unyevu wa pwani, inaoza yenyewe hata kama hupigi muziki. Ukiigusa inaganda kidoleni, nyeusi, kama lami. Spika ya kushoto ilianza kukohoa. Tuliipeleka kwa fundi Mlandege, akaizungushia kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli kwa gundi, kazi safi ya kutazama. Lakini mpira ule ulikuwa mzito na mgumu kuliko sponji, karatasi ikawa haichezi ipasavyo, na toka siku hiyo kushoto na kulia hazikusema lugha moja.

Halafu ukaja mwezi wa Disemba 2009, na aliyekuwepo Unguja hahitaji kuelezwa. Umeme wetu ulitoka bara kwa waya mmoja uliopita chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni mpaka Fumba, waya uliowekwa tangu mwaka 1980. Tarehe 10 ukakatika, na haukurudi mpaka Machi. Miezi mitatu. Wenye majenereta waliwasha majenereta, Darajani pakanuka petroli, samaki wakauzwa alasiri kwa bei ya kuondoa hasara, na kwenye majumba ya Michenzani maji, ambayo hupandishwa kwa pampu, yakawa ya kubebwa ngazi kwa ngazi.

Mama alikuwa na redio ndogo ya betri yenye sehemu ya kaseti, spika yake moja, haizidi kiganja. Usiku, taa ya chemli imewekwa kati, alitia kanda zake za taarab: Ikhwan Safaa, Culture ya Vuga, na moja ya nyimbo za Siti binti Saad zilizonakiliwa kutoka santuri za mwaka 1928, zile alizokwenda kurikodi Bombay. Ukweli ni kwamba rikodi za wakati ule hazikubeba besi ya kusemwa. Hata ukizipigia kwenye spika ya ukubwa wa kabati la nguo, hakuna kitakachotoka chini kwa sababu hakikuingia. Lakini sauti ya mtu imo. Na mama, ambaye Michenzani nilikuwa sijamsikia akiimba, aliimba. Alifuata ubeti kwa ubeti, akawahi maneno kabla ya mwimbaji, akacheka kwenye mafumbo ambayo mimi nilikuwa nimeyasikia tangu utotoni kama mngurumo mtamu tu na sikuwahi kujua yanamsema nani.

Umeme uliporudi Machi 2010, majumba yote yakapiga vigelegele. Kaka akawasha amplifaya. Mama akamwacha amalize wimbo mmoja, kisha akasema, "Sasa haya majitu yatolewe. Nitafutieni vitu vya kiasi changu."

Hapo ndipo ilipoanza mijadala, na nilijifunza kwamba hakuna mtu asiye na fatwa kuhusu spika. Kaka alitaka seti ya sabufa yenye vispika vitano na rimoti, iliyojaa madukani wakati ule. Shemeji alitaka kitu chembamba kinachofanana na televisheni. Aliyenifaa alikuwa mzee mmoja, rafiki wa marehemu baba, aliyefanya kazi ya mitambo ya sauti redioni Rahaleo mpaka akastaafu. Nilimkuta barazani kwake, nikampa shikamoo yake, nikamweleza habari. Akaniuliza swali moja: "Mama yako anakaa wapi akisikiliza?" Nikamwambia chini, kwenye mkeka, mita mbili. Akatikisa kichwa kama daktari aliyekwishapata jibu.

Akanipa kisa cha spika ya BBC, LS3/5A. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mafundi wa BBC walitaka spika ya kusikilizia ndani ya magari ya matangazo ya nje, ambamo hapana nafasi hata ya kunyoosha mguu. Wakatengeneza kisanduku cha urefu wa sentimita 30, upana 19, kina 16, kimezibwa pande zote, besi yake ya inchi tano hivi. Besi ya chini hakina, wala hakikudai kuwa nayo. Walichokitafuta ni usemi: mtangazaji asikike kama mtu, asisikike kama mtu aliye ndani ya pipa. Viwanda kadhaa vya Uingereza vilipewa leseni ya kuitengeneza, na vilipoacha, watu waliendelea kuitafuta mitumba kwa bei ya ajabu. "Usiende kuitafuta hiyo," akasema mzee, "huiwezi. Lakini ujue ulichokifuata."

Tulikwenda Mlandege siku ya Jumamosi, mimi na mama, kwenye duka la vitu vilivyotumika vinavyoshushwa kwa makontena ya Dubai na Uingereza. Friji zimesimama kwa mistari, majiko, mashine za kufulia zisizo na milango, na nyuma kabisa, rafu ya spika. Zilizokuwa jozi kamili na za kiasi chetu zilikuwa tatu. Moja ilikuwa ya redio ya seti ya Kijapani, uso wa plastiki ya fedha, inang'aa. Nilipoinyanyua ilikuwa nyepesi mno, na kuigonga ubavuni ilitoa mlio wa boksi la biskuti. Ya pili ilikuwa kubwa kidogo, lakini ukingo wake ulikuwa wa sponji, na mimi na sponji tulikwishaachana. Ya tatu ilikuwa Wharfedale Diamond, nyeusi, imechubuka pembe moja. Wharfedale ni kampuni iliyoanzishwa Yorkshire na Gilbert Briggs mwaka 1932, na huo ukoo wa Diamond, vijisanduku vya watu wasio na pesa nyingi, ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ukingo wake ulikuwa wa mpira. Nikabonyeza karatasi kwa vidole, taratibu, ikaingia na kurudi bila kukwaruza.

Mwenye duka alimwekea mama kigoda. Mama akakigeuza, akakaa amezipa spika mgongo, akajifunika vizuri buibui lake. "Msinambie ipi ni ipi," akasema. "Pigeni."

Tulipiga diski ya Culture tuliyokwenda nayo. Zile za Kijapani zilianza kwa kishindo, zina besi ya bandia inayopiga palepale kila mara, na kanuni, ile ala ya nyuzi, ikawa kama misumari ndani ya kopo. Mama akatikisa mkono. Za sponji zilikwaruza. Zilipokuja Wharfedale, nilitegemea uso wake ukunjuke, lakini alikunja. "Huyu anaimba vizuri," akasema, "ila yuko wapi?"

Nikasikiliza. Kweli, sauti ilikuwa imetapakaa, haina mahali. Nikaenda nyuma ya rafu nikafuata waya kwa mkono. Upande mmoja waya mwekundu ulikuwa kwenye tundu jeusi. Ikiwa hivyo, karatasi ya spika moja inasukuma hewa wakati mwenzake anaivuta, na kilicho cha katikati, ambacho kwenye wimbo huwa ni mwimbaji, kinafutika. Fundi wa dukani aliomba betri ya tochi ahakikishe: ukigusisha ncha zake kwenye waya, karatasi inaruka nje au inazama ndani, na spika mbili sharti ziruke upande mmoja. Zikarekebishwa. Wimbo ukaanza upya, na yule mwimbaji akasimama katikati ya spika mbili, juu kidogo ya friji iliyokuwa hapo, kana kwamba ameingia dukani kwa miguu yake. Mama akageuka kutazama. "Hizo," akasema, na bei tukaipatana kwa mabishano mafupi kuliko nilivyozoea, kwa sababu mwenye duka alikwishaona uso wa mteja.

Nyumbani palikuwa na kazi iliyobaki, na naiona hiyo ndiyo iliyokuwa na maana kuliko kuchagua. Watu huziita spika za kuweka rafuni, lakini ukizitia ndani ya kabati zinanguruma kama za baba, maana tundu la hewa lililo nyuma linapumulia ubao. Zinataka kusimama wazi, mbali na ukuta, na twita iwe usawa wa sikio. Usawa wa sikio la nani? Vitabu vya maelekezo vinadhani kila mtu duniani amekaa kwenye kiti. Sikio la mama, akiwa kwenye mkeka ameegemea takia, liko karibu sentimita 75 kutoka sakafuni. Nikampa vipimo seremala wa Mwembeladu, akatengeneza vigoda viwili vya mninga, vizito, vya kimo cha sentimita 50. Alishangaa kwamba vinawekewa redio. Tundu la nyuma tuliliziba na soksi, moja kila upande, kwa sababu zege la Michenzani lilikuwa bado linajibu; soksi ikipunguzwa kidogo, besi inarudi kidogo.

Kuna vitu tulivipoteza, na kaka hakuchoka kuvitaja. Karatasi ya inchi 12 ina eneo karibu mara sita la karatasi ya inchi tano, na hewa haidanganyiki. Uzi mnene kabisa wa ile fidla kubwa unatetemeka mara 41 kwa sekunde. Vijisanduku vile huko havifiki. Unachosikia ni mitetemo ya juu inayofuatana na ule wa chini, na ubongo wenyewe unajaza palipopungua, kwa hiyo wimbo unaufahamu sawasawa, noti ni ile ile, lakini mkeka hautikisiki. Tena spika ndogo huwa na ulafi wa umeme. Kila desibeli tatu inazopungukiwa kwa usikivu, amplifaya inadaiwa nguvu maradufu ili sauti iwe ile ile, na kaka alipoona kitufe kimevuka nusu alihofia moto. Haukutokea. Mita mbili ni karibu.

Mwishowe kaka akanunua sabufa yake akaiweka chumbani kwake, na mlango ukifungwa tuliishi kwa masikilizano.

Zile za baba zilikaa ukumbini mpaka Mei, zimeelekezwa ukutani, mama amekwishachukua vitambaa vyake. Mimi niliona tabu kidogo kuzitoa, mama hakuona. "Baba yako aliwapigia watu," akasema, "na watu wamekwishasikia." Alizinunua kijana wa Jang'ombe anayekodisha muziki wa harusi. Hakuulizia hali ya spika za ndani, alipima masanduku kwa utepe, akaeleza kwamba atatia besi mpya na ukingo mpya, na kwamba masanduku ya ukubwa ule siku hizi hayapatikani. Zikateremshwa ngazi zile zile, zikapakiwa kwenye gari ya ng'ombe, na watoto wa jumba zima wakazifuata mpaka mzunguko wa barabara.

Ramadhani ikakaribia kwisha. Siku chache kabla ya Idi Bi Zuwena akapiga hodi, akaingia, akakaa mkekani na mama, wakasikiliza Ikhwan Safaa mpaka mwisho wa kanda. Akavisifu vijisanduku. Akasema sasa hata yeye chini anapumzika. Kisha akaangaza pembe za ukumbi, pembe moja, pembe ya pili.

"Na zile nene ziko wapi?"

"Tumeuza," mama akasema.

"Mumeuza?" Akajipiga kifua. "Mumeuza, na mwanangu anaolewa Mfunguo Mosi! Hii harusi nitaipigia nini mie?"